Tairi Pana za Kwenda Kuposa

UMMA wa wasomaji unatangaziwa, kwa heshima zote, kwamba kuanzia Jumatano ya tarehe tatu Desemba mwaka huu wa 1997, mimi Mwenda wa Kirimi nimeteuliwa kuwa Mshauri Mkuu wa Tairi, Rimu na Barabara Mbovu katika wilaya yote ya Embu.

Aliyeniteua ni mimi. Sherehe ilifanyika nyuma ya kibanda cha pancha, nikiwa nimekalia debe la grisi, na waliohudhuria ni kuku wawili. Mmoja aliondoka kabla ya hotuba.

Kwa wale ambao gazeti la wiki jana lilifungiwa nyama kabla hawajalisoma, mambo yalikuwa hivi. Shule ya bweni ilinirudisha nyumbani Meru wiki tatu kabla ya wenzangu. Kisa ni tangazo lililobandikwa ubaoni, lenye sahihi iliyofanana mno na ya mwalimu mkuu, kwamba Mkaguzi wa Usingizi anakuja kutoka Nairobi na kila mwanafunzi akutwe kitandani saa mbili asubuhi.

Shule nzima ilikutwa kitandani.

Baba yangu, Mwalimu Kirimi, aliisoma barua ya shule mara mbili, akaikunja, akanileta Embu, mtaa wa Dallas, kwa mjomba Kivuti, ndugu yake mama. "Ukae na mtu asiyecheka," akasema. "Na kila Ijumaa utafagia kanisa la mtaa, kwa ajili ya roho yako."

Mjomba kweli hacheki. Hununua mbuzi huko chini Mbeere, akawauzia wachinjaji wa mjini. Ana chuma chake cha kuchomea alama, duara lenye mshale katikati, na hakichagui. Mbuzi wana duara na mshale. Mpini wa jembe una duara na mshale. Mlango wa choo una duara na mshale. Nililala kwake wiki ya kwanza nikiwa nimefunika masikio.

Ana miaka arobaini na moja na hana mke. Anayemtaka ni Wambeti, fundi cherehani wa Kiambere. Mara mbili alialikwa kwenda kuongea na wazee, na mara mbili Landrova yake ilikwama njiani na mbuzi wa posa wakalala porini. Mara ya pili baba yake Wambeti, Mzee Kathuri, alituma neno fupi.

"Aje Jumamosi. Jua likimtangulia kufika utosini, saa nane nitamsikiliza Njuki."

Njuki ana trekta. Trekta haifiki haraka, lakini hakuna aliyewahi kusikia kwamba haikufika.

Kwa hiyo msomaji aelewe. Tairi zilizokuwa zikitafutwa Jumatano ile hazikuwa za gari. Zilikuwa za ndoa.

Adan, mwenye duka la tairi, alituwekea aina mbili ukutani.

Za kwanza zilikuwa nyembamba na ndefu, zenye meno kama ya trekta, juu ya rimu nyeusi za chuma. Zilikuwa na sura ya watu waliookoka.

Za pili, ndugu zangu! Zilikuwa pana kama godoro la bweni. Ubavuni maandishi meupe. Rimu zake za aloi ziling'aa hata nikaiona chunusi yangu. Zilikuwa za mzungu mmoja wa mradi wa maji aliyerudi kwao na kuiacha Landrova yake ikiuzwa vipande vipande.

"Hizi nyembamba," Adan akasema, "zinakata matope mpaka zishike udongo mgumu chini. Zina tyubu. Mwiba ukiingia unaziba, unaendelea. Rimu ikigonga jiwe, unainyoosha kwa nyundo."

"Na hizi pana?" nikauliza, mikono nyuma kama mkaguzi.

"Hizo ni za mchanga mkavu. Na za kupigwa picha."

Nikakohoa. "Anko, kwa mujibu wa fizikia, shinikizo ni kani gawanya kwa eneo. Eneo likiwa kubwa, shinikizo linapungua. Tairi pana haizami. Inaelea."

Mjomba akauliza, "Mwenda, mbuzi ana kwato pana au nyembamba?"

"Nyembamba, anko."

"Umewahi kuona mbuzi amekwama?"

"Lakini ngamia..."

"Hapa ni Embu." Akamgeukia Adan. "Nifungie nyembamba zote nne. Spea ninayo."

Spea ilikuwa juu ya boneti, ndani ya mfuko wake wa turubai. Meno yake yalikuwa yamebaki nusu, lakini mjomba aliipenda kuliko nyingine zote, na ubavuni alikuwa ameichoma duara na mshale mara saba, kuizunguka yote, ili wasiibadilishe penye pancha.

"Spea hii imenitoa mahali pengi," akaniambia, akiipigapiga kama mtu anayeaga ng'ombe wa maziwa. "Simama hapa mpaka wamalize kufunga. Halafu makenika wa Adan akupelekee gari nyumbani. Mimi nakwenda Meru kumchukua baba yako. Atakuwa msemaji wangu. Tutarudi Jumamosi alfajiri, tupakie mbuzi tuondoke. Umeelewa?"

"Nimeelewa, anko."

Nilikuwa nimeelewa. Hilo ndilo linalonisikitisha.

Sasa nimtaje Gatwiri, ili haki itendeke. Gatwiri yuko kidato cha tatu kama mimi, na lango lao linatazamana na la mjomba. Jumapili iliyotangulia alisimama hapo na mwavuli, akaitazama Landrova kutoka mbele mpaka nyuma, akasema, "Hii gari ya anko wako inafanana na kabati."

Msomaji, niliitwa majina mengi shuleni, mengine na walimu. Hakuna lililonichoma kama kabati.

Mjomba alipopinda kona nikamwendea Adan. "Anko amebadilisha nia. Anataka zile pana."

"Amebadilisha lini? Hata nyayo zake hazijajaa maji."

"Ameniachia mimi uamuzi. Mimi ndiye nimesoma."

Adan akazitazama tairi, akanitazama mimi. "Hizo zinaongezewa elfu moja."

"Nipe nusu saa."

"Mimi nauza tu, kijana. Matope ni yenu, miiba ni yenu."

Kando ya duka lile kuna Misheck, ambaye tairi ikiwa hai anaiziba pancha na ikifa anaikata viatu vya akala. Nikamvingirishia spea ya mjomba.

Misheck akaishika ubavuni. "Hii ina alama ya Kivuti."

"Ndiye amenituma."

"Lakini bado iko hai."

"Ichinje."

Akaipima kwa kiganja, akacheka kidogo. "Na mvua hii ya El Nino, watu wa huko chini wanalilia akala zenye meno. Za kawaida zinawaangusha kwa matope. Haya. Elfu moja."

Akanoa kisu. Mimi sikungoja kuona damu.

Saa kumi jioni Landrova ilikuwa mkabala na lango la kina Gatwiri, juu ya tairi pana, imetanua miguu kama chifu kwenye baraza. Rimu ya spea nikaificha chini ya kitanda changu. Alhamisi nilizipaka polishi zile za aloi tangu asubuhi mpaka jioni, mvua ikinyesha, nami nikipiga mluzi wa mtu mwenye mambo makubwa. Ijumaa nikazipaka tena.

Tatizo dogo lilikuwa boneti. Mfuko wa turubai ulikuwa mtupu, umenywea kama shavu la mtu asiye na meno. Nikauwekea ungo. Mvua ikaulowesha ungo, ukazama. Nikauwekea sinia. Sinia likawa dogo.

Ijumaa hiyo ilikuwa zamu yangu ya kufagia kanisa. Kwenye kona, karibu na viti vya kwaya, palikuwa na ngoma. Ngoma pana, fupi, yenye ngozi ya mbuzi pande mbili. Nikaipima kwa mikono. Nikaenda kuipima spea hewani kwa mikono ile ile.

Naomba wasomaji wangu wa dini wakumbuke kwamba nilisali kwanza.

Jumamosi alfajiri mjomba alifika na baba. Mjomba alikuwa amevaa suti ya kahawia na buti za mpira. Akaisogelea Landrova, akasimama.

"Tairi zangu ziko wapi?"

"Anko, zile mbili zilionekana zina ufa. Adan aliona aibu. Akakupa hizi kwa bei ile ile, kwa heshima yako."

"Kwa heshima yangu?"

"Alisema mtu anayekwenda kuposa asionekane mnyonge."

Baba alinitazama kama mwalimu anavyotazama mtihani wa mwanafunzi mjinga ukiwa na majibu yote sahihi. Lakini yeye ni mtu wa saa. "Kivuti, duka la Adan linafunguliwa saa tatu, na safari yetu itakula saa nne nzima kwa matope haya. Tutakwenda na hizi."

Mjomba akalipigapiga turubai la boneti kwa kiganja, taratibu. "Angalau wewe uko," akaiambia spea yake.

Ngoma haikujibu. Mungu ni mwema.

Mbuzi watatu, mtungi wa asali na mimi tukakaa nyuma.

Dosari ya kwanza ilijitokeza kwenye kona ya kwanza. Mjomba alikata usukani, na tairi zikasugua springi zikalia kama nguruwe. Ikabidi arudi nyuma, aende mbele, arudi nyuma. Kona ambayo punda huikata huku amelala sisi tuliikata kwa awamu tano. Wafuasi wa mgombea mmoja, waliokuwa wakibandika picha zake ukutani, waliacha kazi wakatushangilia.

Baada ya kupita soko la Kiritiri tawi la mgunga liliinama barabarani likaipiga boneti.

DU!

"Ni nini hicho?" mjomba akauliza.

"Ngurumo, anko."

Baba akatoa kichwa dirishani akatazama mbingu. Mbingu zilikuwa zimetulia. Akarudisha kichwa, hakusema kitu. Mimi namjua baba. Asiposema kitu, anaandika.

Kisha tukaufikia udongo mweusi.

Hapa ningependa kuthibitisha, kwa ajili ya vizazi vijavyo, kwamba fizikia haikudanganya. Tairi pana hazikuzama. Zilielea. Zilielea kwenda kushoto, zikaelea kwenda kulia, zikajivika matope mpaka meno yote yakapotea na zikawa mandazi manne. Halafu Landrova ikageuka polepole, kwa adabu, ikatazama tulikotoka, ikakaa mtaroni.

Mjomba alishuka. Alizitazama tairi, akalitazama jua lililokuwa linapanda, akachutama kwenye matope na suti yake ya kahawia.

"Mara ya tatu," akasema.

Hakupiga kelele. Ningefurahi angepiga kelele. Mbuzi mmoja alilia nyuma yangu, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano sikutaka kuziona rimu zile.

Hapo ndipo tuliposikia trekta.

Ilikuwa nyekundu, na juu yake mtu mkubwa mwenye kofia ya ngozi na koti safi. Akazima injini.

"Kivuti."

"Njuki."

"Umekwama."

"Naona."

Njuki akatazama rimu zinazong'aa chini ya matope. "Umevalisha gari yako viatu vya harusi kabla ya harusi?"

Njuki akakuna kidevu. "Mimi nimeambiwa nije saa nane. Nikikupita hapa, Kiambere yote watasema Njuki alisaidiwa na matope. Sitaki mke wa kusaidiwa na matope. Leta kamba."

Na hivyo, ndugu wasomaji, tukavutwa. Bwana mmoja alivutwa kwenda kuposa na mshindani wake, kwa kamba ya kufungia mbuzi, kilomita kumi na moja, watoto wakikimbia kando. Njiani miiba ikaila tairi ya nyuma ya kushoto. Haikuwa na tyubu. Ikapumua mara moja tu.

"Tutabadilisha tukifika," mjomba akasema. "Spea ipo."

Nilimkumbatia mbuzi.

Jua lilikuwa limebakisha upana wa kiganja kufika utosini tulipoingia kwa Mzee Kathuri. Njuki alituvuta mpaka kando ya banda la mabati walimokaa wazee, akakaa juu ya trekta yake, hakushuka. Saa yake ilikuwa bado.

Mzee Kathuri ni mrefu, mwembamba, na macho yake hayana haraka. Mbele ya kiti chake palikuwa na kinu kilichogeuzwa kichwa chini. Tulijua maana yake. Maneno yakimridhisha atakigonga kwa bakora, wanawake jikoni watapiga vigelegele, na hapo posa imefungwa.

"Umefika," akamwambia mjomba.

"Nimefika, Mzee."

"Umeletwa," akasema, akiitazama trekta. "Lakini jua limekukuta hapa. Kaa."

Baba akasimama akasema maneno ya watu wa Meru na maneno ya watu wa Embu, akayatia asali. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri hata nikaanza kuhesabu mikate niliyoiona ikipita. Mzee Kathuri akanyanyuka kuwakagua mbuzi. Akamshika wa kwanza sikio. Akamtazama ubavuni. Akamshika wa pili. Akamtazama naye ubavuni, akarudi kwenye kiti.

Akanyanyua mguu wake wa kulia akauweka juu ya kinu.

Alikuwa amevaa akala mpya. Zilikuwa na meno.

"Kivuti," akasema, "hii ni nini?"

Kwenye ukanda wa akala, palipopita juu ya kidole gumba, palikuwa na duara. Ndani ya duara, mshale.

Msomaji wa mjini labda hataelewa kwa nini banda zima liliacha kutafuna. Kwa wafugaji wa huko, ukikutwa na kitu chenye alama ya mwenzako unasema ulikitoa wapi, mbele ya watu, na aliyekupa naye atafutwe aseme, mpaka mwisho upatikane. Kabla ya hapo hakuna maneno mengine. Na mjomba akisema "ni yangu", amemwita baba mkwe mwizi. Akisema "si yangu", amekana mbuzi wa posa waliosimama pale na alama ile ile.

Mjomba akasimama. "Ni... ni alama nzuri, Mzee."

"Sikukuuliza uzuri wake. Nina miaka sabini na miwili. Sijawahi kukutwa na mali ya mtu hata kamba. Leo nimemkaribisha mgeni nikiwa nimevaa yake." Hapo nikaona kwamba mzee hakuwa na hasira. Alikuwa na aibu. "Alhamisi nilikwenda Embu kuuza asali. Akala hizi nilizinunua kwa fundi Misheck kwa pesa zangu. Nilimwuliza kuhusu alama. Akasema tairi aliletewa na kijana wa shule aliyetumwa na mwenyewe. Kijana mwenye sweta ya kijani."

Watu wote wakanigeukia.

Nilikuwa nimevaa sweta ya kijani. Ndiyo pekee iliyokuwa imekauka.

"Mimi sikumtuma mtu," mjomba akasema polepole.

Ningeweza kusema shuleni kwetu tuko mia saba wenye sweta ile. Nililifikiria. Lakini Mzee Kathuri alikuwa ameuacha mguu wake juu ya kinu, mbele ya wazee wenzake, akisubiri kusafishwa jina, na mguu ule ulikuwa mzee sana.

"Ni mimi, Mzee," nikasema. "Nilimwuzia Misheck spea ya anko. Wewe huna kosa. Nilidanganya."

Baba akasimama taratibu. "Spea uliiuza."

"Ndiyo, baba."

"Basi iliyoko kwenye boneti ni nini?"

"Ni ngoma, baba."

"Ngoma gani?"

"Ya kanisa."

Baba akaigeukia boneti.

"Ile ngurumo," baba akasema.

"Ndiyo, baba."

Mjomba alikuwa ananitazama kama mtu anayejaribu kusoma barua kwa lugha asiyoijua. "Na zile tairi zenye ufa?"

"Hazikuwa na ufa, anko."

"Ngoma?" Mzee Kathuri alikuwa bado amekwama kwenye ngoma. "Mtu asafiri na ngoma mahali pa gurudumu? Hapana. Hilo nione mwenyewe." Akatoka bandani hatua mbili, akanyanyua bakora, akalipiga turubai la boneti.

DUUU!

Ilikuwa ngoma nzuri. Mlio ulikwenda mpaka ng'ambo ya mto ukarudi.

Na kutoka jikoni, wanawake wote waliokuwa wakisubiri mshindo tangu asubuhi wakapiga vigelegele.

Wakatoka mbio, wakiimba, unga mikononi, wamemzunguka Wambeti. Njuki juu ya trekta akavua kofia yake akaiweka gotini.

"Nyamazeni!" Mzee Kathuri akapaza sauti. "Sikugonga kinu!"

"Umegonga," mkewe akasema, akihema. "Tumesikia wote."

"Nimegonga gari!"

"Baba Wambeti, sisi hatuoni tukiwa jikoni. Tumesikia. Vigelegele vikitoka haviwezi kurudishwa tumboni."

Wazee wakagawanyika hapo hapo. Mmoja akasema neno limefungwa. Mwingine akasema ngoma si kinu. Wa tatu akauliza kama mikate itaendelea. Mjomba alisimama katikati yao na suti yake ya matope, hakuna aliyemwuliza kitu.

Wambeti akanyanyua mkono. Ni mwanamke mfupi, mwenye futi ya kupimia nguo shingoni hata siku ile, na wakamnyamazia.

"Nilitega sikio ukutani, nimeyasikia yote," akasema. "Baba, ugomvi wa kinu na ngoma uweke kando. Mimi nina langu. Mtu wa nyumba ya Kivuti ameuza gurudumu la safari ya kuja kwangu, akafunga mengine yasiyoweza kufika. Hilo si jambo la bahati mbaya. Kuna mtu huko kwao hanitaki. Na mimi siolewi mahali nisipotakiwa, hata vigelegele vipigwe mpaka kesho."

"Wambeti..." mjomba akaanza.

"Ngoja, Kivuti. Sikuulizi wewe." Akanijia mpaka nikasikia harufu ya unga. "Kijana, nani alikutuma?"

"Hakuna, anti."

"Mama yako?"

"Hapana! Mama anakusifu."

"Basi kwa nini?"

Nilifungua mdomo kusema shinikizo ni kani gawanya kwa eneo. Lilikuwa jibu la heshima. Lingeniacha na sura ya mwanasayansi aliyekosea. Lakini nilimwona mjomba nyuma yake, mtu asiyecheka, mikono imelegea, na nikajua kwamba uongo mmoja zaidi, hata mdogo na safi, ungemrudisha nyumbani peke yake kwa mara ya tatu. Ya mwisho.

"Kuna msichana anaitwa Gatwiri," nikasema. "Anakaa ng'ambo ya lango letu. Alisema gari ya anko inafanana na kabati."

Mtu mmoja alikohoa.

"Endelea."

"Nilitaka aione ikiwa na zile pana. Nilipaka rimu polishi siku mbili, anti. Kwenye mvua. Sikufikiria Kiambere. Sikufikiria posa. Sikukufikiria wewe hata kidogo, samahani. Nilimfikiria yeye akifungua lango."

Baba alikuwa amekwisha kuufungua mkanda wake, lakini aliushika tu mkononi kama mtu aliyesahau ni wa nini.

"Na huyo Gatwiri," Wambeti akauliza, "aliitazama?"

Kila kitu kingine nilikuwa nimekiungama. Hiki nilikuwa nimejiapia kwamba nitakwenda nacho kaburini.

"Hapana, anti," nikasema. "Alikuwa amekwenda Manyatta kwa nyanya yake. Tangu Jumanne."

Wambeti akaishika leso yake akafunika uso wote. Mabega yakaanza kumtetemeka. Kama alikuwa analia au anacheka, mimi sikujua. Na mjomba, aliyepiga hatua moja kuelekea kwake akasimama, naye hakujua.